Cherehani kwa Murabaha: Tathmini ya Uwezeshaji Usio na Riba kwa Fundi wa Mbagala

Taasisi nyingi za fedha zinazofuata sharia ya Kiislamu hupamba vipeperushi vyao kwa majina ya mudharaba na musharaka, yaani ushirika wa kugawana faida, na ijara, yaani ukodishaji, lakini mjasiriamali mdogo anapofika dirishani hukuta bidhaa moja tu ikimsubiri, nayo ni murabaha, yaani kuuziwa kitu kwa gharama yake pamoja na faida iliyotajwa. Tathmini hii inahusu murabaha ya vifaa vya kazi kama inavyotolewa na taasisi moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa sababu baadhi ya niliyoyaona humo ni kasoro, na sina hakika kama ni kasoro zake peke yake au za sekta nzima. Mteja alikuwa dada yangu, fundi cherehani wa Mbagala. Mimi nilikuwa mdhamini wake, nikausoma mkataba wote kabla ya kutia sahihi na nikamsindikiza karibu kila alipoitwa. Naona huduma hii ni nzuri pale taasisi inapokubali kuwa mfanyabiashara kweli, yaani inaponunua mali, ikabeba hatari yake hata kwa saa chache, ndipo ikaiuza; inapoukwepa usumbufu huo, kinachobaki ni mkopo wa kawaida uliovishwa kanzu.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Mteja huleta profoma, yaani hati ya bei, kutoka kwa muuzaji anayemtaka, taasisi hukinunua kitu kile kwa fedha taslimu, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi inayolipwa kwa mafungu, na ni sharti gharama halisi na faida vitajwe wazi. Msingi wake ni aya ya 275 ya Suratul Baqara, inayohalalisha biashara na kuharamisha riba, pamoja na hadithi mashuhuri ya Hakim bin Hizam, ambaye Mtume (s.a.w.) alimkataza kuuza asichonacho. Kwa kuzingatia katazo hilo la pili, jopo la kimataifa la wanazuoni wa fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) lenye makao yake Jeddah lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 liliamua kwamba murabaha ya namna hii ni halali iwapo mali imekwisha kuingia mikononi mwa muuzaji na dhamana ya kuharibika kwake imekuwa juu yake kabla hajaiuza kwa mteja. Viwango vya AAOIFI, shirika la Bahrain linaloweka taratibu za uhasibu na za sharia kwa taasisi za fedha za Kiislamu, vinasisitiza jambo hilo hilo. Mtu akilielewa sharti hilo moja anaweza kuikagua taasisi yoyote bila kuwa na shahada ya fiqhi: aulize tu mali ilikuwa ya taasisi kuanzia lini hadi lini, na nani angepata hasara kama ingeungua njiani.

Sasa hesabu. Dada alihitaji mashine mbili za kiwandani za kushonea, zile ambazo mafundi wote huziita juki hata kama zimeundwa na kampuni nyingine, pamoja na ovaloki moja ya nyuzi tano, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo. Profoma ilikuja na jumla ya shilingi 2,400,000. Taasisi ilimtaka atoe asilimia 20, yaani 480,000, nayo ikabeba 1,920,000 zilizobaki. Juu yake ikaongeza faida ya asilimia 18, sawa na 345,600, likapatikana deni la 2,265,600 la kulipwa kwa miezi 12 kwa rejesho la 188,800 kila mwezi. Zilikuwamo pia ada ya maombi na mchango wa takafuli, yaani bima ya Kiislamu. Kiasi chake hakikuwa kikubwa, lakini havikutajwa siku ya kwanza, na taasisi inayojinadi kwa uwazi wa gharama haipaswi kumshtua mteja kwa ada zinazochomoza siku ya kusaini.

Katika hesabu hii wateja wengi hujidanganya, na hata baadhi ya masheikh wanaoinadi huduma hii baada ya swala hawajaipiga hadi mwisho. Faida ya asilimia 18 imekokotolewa juu ya deni lote la mwanzo, ilhali mteja huanza kulipunguza tangu mwezi wa kwanza. Ukiipima kwa kipimo kinachotumika kwenye mikopo ya salio linalopungua, inafika asilimia 2.6 hivi kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, chini ya mfumo uliotokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mkopo wa kiasi kile kile, kwa ukomo huo na kwa salio linalopungua, ungemgharimu dada takriban 464,000 za riba. Tofauti ya laki moja na ushee ni ya maana kwa fundi, lakini si tofauti ya mbingu na ardhi, na mwenye hati ya nyumba anayeweza kukubaliwa na benki kubwa ya kawaida huenda akapata fedha kwa bei ya chini kuliko zote mbili. Anayeiendea murabaha kwa ajili ya unafuu peke yake atarudi amekasirika. Anacholipia hapo ni bei isiyobadilika hata riba za nchi zikipanda, ni amani ya dhamiri kwa anayeijali, na ni kuwa na mshirika mwenye wajibu wa kumfikishia mashine badala ya kumkabidhi bahasha.

Hata hivyo, mshindani halisi wa huduma hii mitaani kwetu si benki. Ni kausha damu, ule mkopo unaotolewa kwa nusu saa, unaorejeshwa kila siku au kila wiki, na ambao mkopaji akiteleza hubebewa kochi, televisheni na mtungi wa gesi mbele ya majirani. Siku hizi umehamia pia kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na aliyewahi kupokea ujumbe wa vitisho kuhusu deni la mtu aliyehifadhi tu namba yake anajua kwa nini hatua hiyo ilihitajika. Ukiilinganisha na hayo, murabaha yenye karatasi zinazosomeka na deni lisilozaa ni nafuu kubwa. Kausha damu wanaishinda kwa jambo moja tu, nalo ni mwendo, na jambo hilo nitalirudia kwa sababu lilimgharimu dada msimu mzima.

Siku ya ununuzi ndiyo iliyonifanya niiheshimu taasisi hii. Ofisa uwezeshaji alikuja mwenyewe Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, akakutana nasi kwenye duka la mashine akiwa na profoma mkononi. Alimlipa mwenye duka kwa uhamisho wa benki kwenda kwenye akaunti ya duka, akadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki inayotambulika na mamlaka ya kodi, iandikwe jina la taasisi na wala si la dada, kisha akakagua namba zilizochongwa kwenye vichwa vya mashine na kuzinakili kwenye hati ya makabidhiano. Mpaka hapo dada hakuwa na deni lolote. Mashine zilikuwa mali ya taasisi, zimepangwa kando ya mlango, na kijana wa mkokoteni alikuwa ameanza kunung'unika kwamba anacheleweshwa. Ndipo ofisa akafungua mkataba juu ya meza ya kukatia vitambaa na kusema kwa sauti ya kawaida: "Dada, mashine hizi tumezinunua kwa shilingi milioni mbili na laki nne. Tunakuuzia kwa gharama hiyo na faida yetu ni laki tatu, arobaini na tano elfu na mia sita. Umekubali?" Dada akajibu, "Nimekubali, kaka." Mwenye duka alicheka, akaniambia kwamba wengine huwa hawafanyi hivyo, humtumia mteja pesa kwenye simu na kumwomba arudishe risiti.

Maneno hayo ya mwenye duka nimeyafikiria sana, kwa sababu yanagusa mahali ambapo huduma hii huoza. Viwango vya AAOIFI vinataka wakala wa kununua awe mtu mwingine na si mteja mwenyewe, isipokuwa pale dharura inapolazimu, na hata hapo fedha ziende moja kwa moja kwa muuzaji. Taasisi yenye ofisa mmoja na wateja mamia huona ni rahisi kumfanya kila mteja kuwa wakala wake. Mteja hupewa fedha, hununua anachotaka au hanunui kabisa, risiti hupatikana kwa njia zake, na mkataba wa mauziano husainiwa juu ya mali ambayo hakuna aliyeiona. Kuna na namna iliyopambwa zaidi, tawaruki ya kupangwa, ambayo mteja huuziwa bidhaa asiyoihitaji na kuiuza papo hapo kwa mtu wa tatu ili abaki na fedha. Jopo lile lile la wanazuoni liliikataa lilipokutana Sharjah mwaka 2009. Nataja hayo kwa sababu fundi wa Mbagala hawezi kuisoma bodi ya sharia ya taasisi, lakini anaweza kuona nani anamlipa mwenye duka.

Sisi watu wa mwambao hatukuanza jana kuvisha riba mavazi mengine. Zanzibar ya mashamba ya mikarafuu ilikuwa na bei khiyari, ambayo kwayo mwenye shamba aliyehitaji fedha "aliliuza" kwa mkopeshaji akibaki na haki ya kulikomboa, kisha akaendelea kukaa humo humo akilipa kodi. Kodi hiyo ilikuwa riba, kila mtu alijua kuwa ni riba, na mashamba mengi yalilemewa na madeni hadi serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati miaka ya 1930. Karatasi zote zilikuwa sahihi. Kwa hiyo anayedhani kwamba mhuri wa halali juu ya mkataba unatosha kumlinda mkopaji mdogo hana budi kukumbuka kwamba wakulima wa karafuu walikuwa nao pia.

Sifa niliyoipa taasisi kwa siku ya Kariakoo inapungua kidogo kwa yaliyofuata. Ovaloki ilipofungwa dukani kwa dada ilivuma bila kuzunguka. Mota yake ilikuwa na hitilafu. Katika mauziano ya kweli muuzaji ndiye anayewajibika kwa kasoro iliyokuwamo ndani ya mali kabla hajaiuza, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Muuzaji hapa alikuwa taasisi. Tulipompigia ofisa alitujibu kwa upole kwamba tumwone mwenye duka. Nikarudi kwenye mkataba, nikakuta kifungu kinachosema mnunuzi amekagua mali, ameridhika na hali yake na hatakuwa na madai dhidi ya muuzaji kwa kasoro yoyote, ya wazi au iliyofichika. Wapo wanazuoni wanaoruhusu muuzaji kujivua dhamana namna hiyo, na sitawabishia. Nasema tu kwamba taasisi iliyopata faida ya 345,600 kwa kuwa "imebeba hatari ya mali" ilikuwa imeibeba hatari hiyo kwa muda wa kuandika risiti, halafu ikaitua kwa fundi. Mwenye duka alibadilisha mota bila ugomvi kwa kuwa anataka wateja wa taasisi waendelee kuja, kwa hiyo hatukupata hasara isipokuwa nauli na kazi ya siku hizo, lakini muungwana huyo hakuwa sehemu ya mkataba wetu. Ningeishauri taasisi ikifute kifungu hicho, au angalau iandike kwamba madai yote ya dhamana ya duka yatafuatiliwa na yenyewe.

Kasoro kubwa zaidi ni ucheleweshaji. Maombi yalipelekwa mwezi Oktoba kwa hesabu ya kila fundi wa nguo za shule: shule hufunguliwa Januari, wazazi hushonesha sare kuanzia Desemba, na mashine zikiwa zimefungwa mwishoni mwa Novemba zinaweza kujilipia marejesho kadhaa kabla wengine hawajaamka. Taasisi ilitaka barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, leseni, mdhamini mwenye mshahara au mali, na picha za eneo la biashara. Vyote hivyo vilikuwapo. Kisha likaja suala la profoma, kwa kuwa duka la kwanza tulilolichagua, ambalo bei yake ilikuwa nzuri zaidi, halikuwa na mashine ya EFD, na taasisi haiwezi kununua bila risiti inayotambulika. Ikabidi kutafuta duka lingine. Faili likaenda kwenye kamati, kamati ikakutana kwa ratiba yake, na mashine zikafika katikati ya Januari, wakati watoto wamekwisha kuingia darasani na sare zilizoshonwa na mafundi wengine. Sidhani kwamba kulikuwa na uzembe. Ni utaratibu uliobuniwa na watu wanaofikiri kwa miezi ya mshahara. Lakini kwa mjasiriamali wa msimu mashine iliyofika Januari si ile ile ambayo ingefika Novemba, hata kama namba zake hazijabadilika.

Fikra hiyo ya mwezi wa mshahara inaonekana pia kwenye marejesho. Kiasi ni 188,800 kila mwezi, iwe ni mwezi wa Shaaban, ambao watu husimama foleni wakileta vitambaa vya kanzu, madera na magauni ya Idi, au mwezi uliokauka ambao kazi ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Hakuna kizuizi cha kisharia kwa mafungu yasiyolingana. Bei ikishakubaliwa, pande mbili zinaweza kupanga fedha zilipwe nyingi mwezi fulani na chache mwezi mwingine. Nilimuuliza ofisa kwa nini wasipange hivyo, akasema mfumo wa kompyuta unagawa sawa kwa sawa.

Mambo yalipobana kweli, huduma ilinionyesha sura yake nzuri. Mwezi mmoja dada alichelewa kulipa, na deni halikuongezeka hata senti kwa faida ya taasisi. Alitozwa kiasi kidogo ambacho mkataba unakiita ahadi ya sadaka, kinachowekwa kwenye akaunti ya hisani na kisichoruhusiwa kuingia kwenye mapato yao, jambo linalokubalika katika viwango vya AAOIFI. Mimi kama mdhamini nilipigiwa simu mara nyingi kuliko nilivyopenda, lakini hakuna aliyekuja kuhesabu makochi. Nilichokikosa ni taarifa: akaunti hiyo ya hisani ina kiasi gani, na inamfikia nani? Ukutani kwao pana vyeti na picha za viongozi, na karatasi moja ya hesabu hiyo ingewafaa zaidi. Vilevile, anayelipa mapema asitarajie punguzo la lazima, kwa sababu bei ya murabaha ikishafungwa ni deni kamili. Kusamehewa sehemu yake ni hiari ya muuzaji, na taasisi hii husamehe kwa kuangalia sura ya mteja, au ndivyo inavyoonekana kwa aliye nje ya ofisi.

Je, dada amefanikiwa? Swali hili hujibiwa kwa haraka mno katika masimulizi ya taasisi za fedha, ambayo kila mjane aliyepewa mashine huishia kujenga nyumba. Jibu langu limo ndani ya ovaloki. Awali dada alikuwa akibeba nguo zilizokwisha kushonwa hadi kwa fundi mwenye ovaloki, analipa shilingi 500 kwa nguo, anasubiri zamu, na umeme ukikatika anarudi nazo. Sasa hiyo foleni iko kwake, na mafundi wadogo wa mtaa ndio wanaomlipa yeye. Kwa bei hiyo ya 500, rejesho la mwezi ni sawa na nguo 378 hivi, idadi ambayo haifiki kwa kazi za wengine pekee lakini inafikika ukichanganya na zake mwenyewe, na matumizi ya umeme wa LUKU yamepanda pia, jambo ambalo hakuna aliyeliweka kwenye mchanganuo wa biashara. La muhimu zaidi ni kwamba nguo zake sasa zina umalizio unaokubalika na shule na madrasa zinazotoa oda za jumla. Hilo ndilo badiliko la kweli, na limetokana na kifaa, wala si na fedha. Kama angepewa 1,920,000 mkononi, sehemu yake ingeingia kwenye ada, sehemu kwenye msiba wa mjomba, na hakuna ambaye angemlaumu. Pesa taslimu ina ndugu wengi. Murabaha ilimlinda dhidi ya huruma yake mwenyewe.

Upande wa pili wa jibu ni ile juki ya pili. Imesimama bila mtu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa sababu kuajiri fundi wa kuikalia kunahitaji fedha ya kumlipa kabla wateja hawajamaliza kulipa, na murabaha haiwezi kununua mshahara wa mtu. Mudharaba au musharaka zingefaa, kwa kuwa taasisi ingeweka mtaji na kugawana faida ya oda moja ya sare kwa mfano, ila zinahitaji mahesabu ambayo taasisi inaweza kuyaamini, na daftari la dada, kama madaftari mengi ya Mbagala, linachanganya vipimo vya viuno na madeni ya wateja katika ukurasa mmoja. Taasisi inayotaka kuona wateja wake wadogo wakikua ingeajiri kijana wa kuwafundisha kutunza hesabu, kisha iwakopeshe kwa imani ya hesabu hizo. Hapa inajikinga kwa kuwauzia vitu tu.

Anayelinganisha njia nyingine zisizo na riba ana mifano miwili ya kuiangalia. Wa kwanza uko nyumbani: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, bila riba kwa mujibu wa sheria. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na dosari za usimamizi na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ni nafuu kuliko murabaha yoyote, lakini ni ya kikundi, inategemea mkupuo wa bajeti, na fundi mwenye duka lake huona taabu kufungamana na watu wasiofanya kazi yake. Wa pili uko Pakistan. Akhuwat, iliyoanzishwa Lahore mwaka 2001 na Daktari Amjad Saqib kwa mkopo wa kwanza wa rupia 10,000, hutoa mikopo myema, ile ya kardhi hasana isiyo na faida yoyote, na kwa desturi huitoa ndani ya misikiti na mara nyingine makanisani, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Saqib alitunukiwa tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2021. Ninauheshimu mfano huo, ila wanaouliza kwa nini taasisi zetu zisifanye vile wasisahau kwanza kwamba unasimama juu ya michango ya hiari na fedha za umma. Taasisi inayotumia amana za watu wanaotarajia gawio haiwezi kuzigawa bila faida. Misikiti yetu na mifuko ya zaka ndiyo ingepaswa kuulizwa swali hilo, kabla ya ofisa uwezeshaji.

Kwa hiyo nani aende? Anayenunua kifaa kimoja au viwili vinavyotajika kwa namba, kutoka duka lenye risiti halali, na ambaye anaweza kusubiri: fundi wa nguo, wa kuchomelea, mwoka mikate anayetaka oveni, mama lishe anayetaka jokofu. Huyo aombe miezi mitatu kamili kabla ya msimu wake, asiombe mwezi mmoja kabla. Asome kifungu cha kasoro kabla hajatamka kukubali, atake mashine iwashwe dukani wakati bado ni mali ya taasisi, na aulize ada zote kwa jumla moja. Akiambiwa "tutakutumia pesa, wewe utanunua mwenyewe," basi ajue amekaribishwa kwenye mkopo, aupime kwa bei ya mikopo.

Wanaohitaji fedha ya mzunguko watafute kwingine. Dada alitaka kurudi kwa ajili ya vitambaa vya msimu ujao wa sare, akakuta kwamba taasisi inataka profoma moja kutoka kwa muuzaji mmoja, ilhali fundi hununua gaberdini ya bluu duka hili, shati jeupe duka lile, vifungo na zipu kwa wamachinga wa nje, na bei hubadilika kati ya asubuhi na alasiri. Walimshauri achukue vyote kwenye duka moja la jumla. Alipiga hesabu, akaona kwamba bei ya duka hilo pamoja na faida ya taasisi ingemla faida yake yote ya sare, akashukuru na kuondoka. Vitambaa atavinunua kwa zamu yake ya mchezo (upatu) wa akina mama wa madrasa, ambao hauna riba wala kamati, na ambao amekwisha kubadilishana zamu na mwenzake ili wake uangukie Novemba. Kwa taasisi ameacha maombi ya mashine ya darizi.